Sekunde Arobaini na Moja

Siku Ihnat alipokutana na Jadzia, alikuwa amebakiwa na saa moja tu ya kuisafisha simu yake. Basi la Minsk, mji mkuu wa kwetu, lilikuwa linaondoka stendi ya Vilnius, ng'ambo ya mpaka, saa nne asubuhi, na saa tatu kamili yeye bado alikuwa kwenye foleni ya kibanda cha fundi simu, nyuma ya mama mmoja mwenye skafu ya maua na wanafunzi wawili waliokuwa wakifuta picha huku wakilaumiana. Stendi ilikuwa imefurika. Kila mwenye tiketi ya kurudi nyumbani alikuwa ameinamia simu yake, anafuta. Mpakani kwetu wanafungua simu kabla hawajafungua begi.

Fundi mwenyewe alikuwa msichana wa koti la manjano, nywele fupi, miwani ameipandisha kichwani, na rangi nyekundu imembanduka kwenye kucha mbili. Alinyoosha mkono bila kumtazama mteja.

"Namba ya siri."

"Nikutajie hapa, mbele za watu?"

"Wale wa mpakani utawatajia mbele za watu na utasimama wima, kaka. Mimi walau nakuomba."

Ihnat akamnong'oneza. Jadzia akaanza kupekua kwa kasi ya mtu anayechambua mchele.

"Umejiunga na kurasa saba, na kila moja ina siku zake za jela. Toa. Hii nayo toa. Huyu rafiki yako anayetukana serikali kila asubuhi, mpe jina la shangazi." Kidole kikasimama. "Hii ni nini?"

"Mkate."

"Naona ni mkate. Picha mia nne za mkate."

"Mimi ni mwokaji. Namtumia mama yangu, yuko Lida. Anapenda kuona umeumuka vipi."

"Na hakuna hata mwanamke mmoja humu."

"Ndicho ulichoambiwa utafute?"

"Hapana. Hicho nimekipata bure."

Ihnat aliona haya mpaka masikio. Hata mama yake hakuwahi kuishika simu ile, na leo mtu asiyemjua alikuwa ametembea chumba kwa chumba na kutoka anacheka. Ajabu ni kwamba hakuchukia.

"Basi futa na mikate," alisema.

"Thubutu. Simu tupu ndiyo inayoshusha watu kwenye basi. Mwenye simu tupu ana la kuficha. Mwenye picha mia nne za mkate ni mjinga tu, na mjinga wanampitisha." Akamrudishia simu, sasa akimtazama usoni. "Sikiliza kanuni. Kabla hujawapa simu, unamtumia mtu wako nukta moja. Wakikuachia, unatuma ya pili. Zikipita saa mbili hakuna nukta ya pili, mtu wako anafuta mazungumzo yenu yote, kwake na kwako. Haulizi, hasubiri, anafuta."

"Sina mtu wa kumtumia."

"Hata rafiki?"

"Umeshapekua mwenyewe."

Nyuma yao mtu alikohoa, basi lilikuwa limeshawasha injini. Jadzia akaichukua tena ile simu na kuandika namba yake mwenyewe, amekunja uso kama anayefanya kazi ya kulazimishwa. Jioni ile alipata nukta ya kwanza, kisha ya pili, kisha picha ya mkate mweusi mezani kwa mama yake Ihnat kule Lida, umekatwa kipande kimoja, na chini yake maneno: "Hiki ni chako."

Mapenzi yao yalianza hivyo, na kwa miezi minane yaliumuka bila kuharakishwa. Ihnat aliporudi Vilnius kazini, alikuwa akitoka zamu asubuhi na unga kwenye nyusi, anapita stendi na mkate wa moto ndani ya koti. Alimwita Kisungura. Naye Jadzia alimwita Mzee wa Mkate, japo jamaa alikuwa na miaka thelathini na moja. Kutwa simu.

"Kisungura, umekula?"

"Nimekula nusu ya mkate wako. Nusu nimempa mteja aliyekuwa analia."

"Analia nini?"

"Nimemfutia picha za harusi ya dada yake. Kulikuwa na ile bendera iliyopigwa marufuku ukutani."

"Na wewe umelia?"

"Mimi nina kazi, Mzee wa Mkate. Nilie saa ngapi?"

Mwezi wa pili wa mwaka mpya, theluji imeganda kwenye vioo vya kibanda, Ihnat alikuja na habari ambayo wote wawili walikuwa wameikwepa tangu Krismasi. Pasipoti yake ilikuwa inakwisha mwezi wa nne. Balozi zetu hazitoi tena pasipoti, unarudi nyumbani kuichukua au unabaki bila.

"Usiende," alisema Jadzia.

"Nibaki bila pasipoti, nitakuwa nani?"

"Utakuwa mtu aliye hapa."

"Mtu asiye na karatasi hawezi hata kuandikisha..."

"Kuandikisha nini?"

"Chochote."

Jadzia hakulishika neno lile, alikuwa na hofu nyingi mno. Miaka minne nyuma aliandamana barabarani na wanawake wengine, kila mmoja na ua mkononi, akalala siku kumi na tano kwenye chumba cha jela cha watu wanne kilichojaa kumi na wawili. Alipoachiwa alivuka mpaka, na tangu hapo hakuweza kurudi nyumbani.

"Unaelewa kwamba mimi siwezi kuja kukutafuta?" alisema polepole. "Wakikushika, mimi nitakuwa nimekaa huku nimeshika simu. Basi. Hakuna kingine nitakachoweza."

"Wataona mikate, wataniachia."

"Kila mtu anasema wataniachia."

Alimsafishia simu kwa mikono yake. Aliunda mazungumzo mapya kwa laini mpya, akajiandika Fundi wa Oveni, na kwa siku tatu wakajaza humo habari za vipimo vya joto na mlango usiofunga vizuri, ili yaonekane ya zamani. Yale ya kweli, miezi minane yote, alishindwa kuyafuta.

"Haya utayafuta mwenyewe kwenye basi," alisema. "Mimi mkono hauendi. Niahidi."

"Naahidi, Kisungura."

Hakufuta. Ningemzaba kofi kama ningekuwa kwenye kiti cha jirani. Basi lilisimama kwenye foleni ya mpakani saa tatu nzima, vioo vimefunga ukungu, jirani yake anamenya mayai ya kuchemsha, na Ihnat akaanza kuyasoma mazungumzo yale kutoka juu ili ayaage. Alipofika mwisho moyo ulikuwa umemjaa. Saa nane mchana akajifunika mdomo kwa skafu, akashika kitufe, akamtumia Jadzia ujumbe wa sauti wa sekunde arobaini na moja, kumwomba waoane. Alisema moyoni: atanijibu, halafu nitafuta.

Jadzia alikuwa na mteja. Basi likasogea ghafla, mlango ukafunguliwa, baridi ikaingia pamoja na ofisa.

"Simu zote mkononi. Ziwe zimefunguliwa."

Ihnat alipata nafasi ya kumtumia Fundi wa Oveni nukta moja tu.

"Wewe wa dirishani. Mkobani mna nini?"

"Mkate, afande. Wa mama."

"Unamletea mama yako mkate kutoka nje? Kwetu mkate umekwisha?" Watu kwenye basi wakatazama viatu vyao. "Shuka. Na simu uje nayo."

Chumba kilikuwa na meza, saa ya ukutani, na mwanamke aliyekuwa akipiga mihuri pembeni. Maofisa walikuwa watatu. Aliyeshika simu alikuwa kijana nadhifu, kucha safi, sauti ya upole. Hakuuliza kama anaweza kuipekua, na Ihnat hakuuliza kwa sheria gani. Kuuliza tu kungekuwa jibu.

"Huyu fundi wa oveni ni nani?"

"Ni fundi wa oveni, afande."

"Mbona anakuuliza kama umevaa soksi nzito?"

"Ni mtu wa huruma."

"Fundi wangu wa gari hajawahi kuniuliza hata kama niko hai." Wenzake wakacheka. Kidole kikaendelea kushuka, kikafika chini kabisa, kule vinakofichwa vitu. "Na Kisungura?"

Kwenye mazungumzo yale kulikuwa na kila kitu: kibanda, koti la manjano, majina ya wateja waliolia. Wangepanda juu mistari ishirini tu wangejua ni nani anayesafisha simu za nusu ya basi.

Lakini ofisa alianza na cha mwisho. Akaiweka simu mezani, akaongeza sauti, akabonyeza.

Sekunde arobaini na moja. Ihnat alitazama sakafu. Wakati wa upekuzi walikuwa wamemvua koti, mkanda na viatu, na hakuona aibu. Sasa sauti yake mwenyewe ikimbembeleza mwanamke mbele ya wanaume watatu na mpiga mihuri, alijiona yu uchi. Mwanamke yule aliacha kugonga mihuri mpaka ilipokwisha.

"Amekuwa mshairi," alisema ofisa. Akagusa kioo ili apande juu, kwenye mwanzo wa mazungumzo.

Kioo kikawa cheupe. Mazungumzo yote yalitoweka chini ya kidole chake, kuanzia ya mwezi wa sita mpaka ya mchana ule.

Ihnat aliinua macho ukutani. Zilikuwa zimepita dakika arobaini tangu atume nukta. Si saa mbili. Dakika arobaini.

Ofisa naye alikitazama kioo kile muda, kisha akatabasamu. "Naona bibi harusi ameshajibu."

Ukweli ulikuwa huu. Saa nane na dakika hamsini na tano Jadzia alifungua lile kundi ambamo wasafiri huandikiana habari za foleni, akasoma: "Basi la saa nne. Wamemshusha kijana mwenye mkoba wa mkate." Akakimbilia mazungumzo yao na kukuta hayajafutwa. Na chini kabisa palikuwa na kitu kipya ambacho hajakisikia: sauti, sekunde arobaini na moja.

Angeisikiliza, alama ingebadilika kwenye simu ya Ihnat, na aliyeishika simu ile angejua kwamba upande wa pili kuna mtu, yu hai, anasikiliza. Wateja mia amewaambia: usisikilize. Aliweka kidole juu ya ile sauti, akakiondoa. Alimtukana Ihnat kwa matusi ya fundi. Saa mbili zilikuwa bado mbali, lakini hakuwa na nguvu za kuzifikia. Akafuta kwake, akafuta kwa Ihnat. Kisha akaitoa ile laini ya Fundi wa Oveni na kuikata kwa koleo, maana namba iliyopita mikononi mwa maofisa haifai tena. Ndipo akakaa chini kati ya nyaya na kulia, na wateja wakasubiri.

Jioni Ihnat aliachiwa. Kwenye simu kulikuwa kumebaki mikate tu; namba ya Kisungura ilikuwa imeondoka na mazungumzo. Alipiga namba ya Fundi wa Oveni mara nne; haipatikani. Saa mbili za kanuni hazikuwa zimetimia, kwa hiyo si kanuni iliyomfanya afute. Amesikia, amefuta, amekata laini. Mtu angeomba jibu gani lililo wazi kuliko hilo?

"Umemfanya nini?" aliuliza mama yake kule Lida, akimwekea chapati za viazi ambazo hakuzigusa.

"Nilimwuliza kitu."

"Akasema?"

"Amefuta."

"Kufuta si kusema, mwanangu."

"Siku hizi ndiko kusema, mama."

Wiki tatu zilipita. Huku Vilnius, Jadzia hakuthubutu kumpigia; kila asubuhi alisoma orodha za watu waliokamatwa, herufi kwa herufi, kisha saa tatu akaenda kuuliza kwenye duka la mikate alikofanya kazi Ihnat. Mama Birute, mwenye duka, mwanamke mnene mwenye mikono ya unga mpaka kwenye viwiko, alimpa chai na jibu lilelile.

"Hajapiga."

Asubuhi ya siku ya ishirini na mbili simu ya mezani ililia, na Mama Birute akaipokea kwa vidole viwili.

"Unaacha kazi?" alisema. "Hurudi? Sawa, ni haki yako. Sasa huyu msichana anayekuja hapa kila siku kulia juu ya mikate yangu nimwambie nini? Msichana gani! Una wangapi?"

Jadzia alikuwa ameshamnyang'anya mkonga.

"Haloo," alisema. "Fundi wa oveni hapa."

"Nilidhani umeacha biashara," alisema Ihnat kule Lida.

"Uko huru?"

"Niko kwa mama. Nakula."

Jadzia akakaa juu ya gunia la unga. "Unakula. Wiki tatu nakutafuta kwenye majina ya wafungwa, nawe unakula."

"Nakula kwa sababu nimeshajibiwa. Ulitaka nife njaa juu yake?"

"Nimekujibu nini mimi?"

"Ulifuta baada ya dakika arobaini, Jadzia..."

"Usitaje jina."

"...fundi. Kanuni ni saa mbili. Uliitunga mwenyewe."

"Waliandika umeshushwa. Nilikuwa na nguvu za dakika arobaini tu, hazikuwa zaidi. Nisamehe."

"Kwa hiyo ulisikiliza, ukaogopa, ukafuta."

"Sikusikiliza."

"Nini?"

"Sikuisikia ile sauti. Ningeisikiliza wangejua nipo. Niliifuta hivyohivyo, na tangu siku ile nahesabu mpaka arobaini na moja kichwani, nakisia uliniambia nini. Jana nimekisia ulikuwa unaniacha."

Ihnat aliteleza ukutani mpaka sakafuni. Mama yake alitoka jikoni akidhani ni moyo, na hakukosea sana.

"Kukuacha," alisema. "Ee Mungu. Nikwambie sasa?"

"Hapana. Hujui nani yuko kwenye laini."

"Wao wameshasikia. Waliipiga mezani kwa sauti. Watu wanne. Hata mwanamke wa mihuri."

Machozi ya Jadzia yalikauka, na kilichobaki kilikuwa hasira safi. "Watu wanne wameyasikia maneno yangu kabla yangu."

"Ndiyo."

"Basi hawatayasikia mara ya pili. Njoo useme kwa mdomo wako, hapa, nikiwa nakuona."

"Na wakinishusha tena?"

"Njoo, Mzee wa Mkate."

Alisafiri Jumamosi, pasipoti mpya mfukoni, bila nukta maana hakuwa na laini ya kumtumia. Mpakani, kwenye meza ileile, alimkuta kijana yuleyule mwenye kucha safi. Simu ikapekuliwa: mikate, mama, mikate. Ofisa alichezea pasipoti kwa kidole, haipigi muhuri, hairudishi.

"Mwokaji," alisema. "Unarudi kwake?"

Kwa mawazo Ihnat alimwona Jadzia amesimama stendi, na akaona jinsi dalili moja ya furaha usoni mwake mwenyewe ingeweza kuwafungulia hawa mlango wanaoutafuta.

"Alikataa, afande. Uliona mwenyewe. Narudi kazini."

Muhuri ukagonga. "Pole," alisema ofisa, na ilionekana anamaanisha. Miaka mingi baadaye Ihnat alisema kwamba kicheko chao aliweza kukisamehe, lakini si pole ile.

Jadzia alikuwa stendi tangu asubuhi, amefunga kibanda, amevaa lile koti la manjano na midomo kaipaka rangi ambayo baridi ilikuwa imeshailamba. Mabasi matatu yalifika bila Ihnat. Kila mlango ulipofunguka alihesabu vichwa, na kila vilipokwisha alirudi kwenye nguzo yake. La nne liliingia saa tisa na nusu. Ihnat alishuka wa mwisho, na mkoba wa mkate.

Hawakukumbatiana. Jadzia aliinua mkono kumzuia, akakunja mkono wa koti, akatazama saa yake.

"Sema. Yaleyale."

"Hapa? Mbele za watu?"

"Niambie mimi tu, kwa sauti ya chini."

Akasogea mpaka pumzi zao zikachanganyika. "Niko kwenye foleni," alisema, "na jirani anakula mayai, kwa hiyo naongea polepole. Kisungura, nafuata pasipoti kwa sababu bila pasipoti hawatuandikishi ndoa. Nilitaka nikuambie nikiwa nayo mkononi, lakini naogopa, na nikiogopa siwezi kukuficha kitu. Nataka nizeeke nikikuletea mkate wa moto, hata utakapokuwa huna meno. Tuoane. Kama hutaki niambie taratibu."

Jadzia hakuondoa macho kwenye saa. "Sekunde thelathini."

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Kumi na moja ziko wapi?"

"Nilinyamaza. Nilikuwa nimemaliza, lakini nikaogopa kuachia kitufe."

"Basi nyamaza. Nazitaka zote."

Wakasimama. Basi lilikuwa linapumua moshi nyuma yao, watu wanavuta mabegi, mama mmoja anaita jina la mtu. Zilipotimia, Jadzia alishusha mkono wa koti juu ya saa, akamvuta Ihnat kwa skafu, akamwekea mdomo sikioni na kumjibu. Lilikuwa jibu refu kuliko ndiyo. Mkoba ulianguka, mkate ukabingirika kwenye theluji, na mwokaji, ambaye hajawahi kuacha mkate chini maishani mwake, hakuuokota.

Nimewafuata wawili hawa tangu mwanzo. Nimesoma simu zao, nimeingia hadi chumba cha upekuzi, nimesikiliza laini ya Mama Birute. Lakini alichosema Jadzia sikioni mle sikukisikia, na sitauliza.